Mji, kijiji, jiji: maneno yetu mbele ya maketi za Kingelez

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwalimu mmoja aliyekuwa ameacha kufundisha shule ya sekondari alibeba jengo dogo la karatasi hadi kwa wataalamu wa makumbusho ya taifa mjini Kinshasa. Wataalamu hao hawakulicheka, wala hawakulisifu. Walimshuku. Kazi ilikuwa safi mno, kingo zimenyooka mno, hata wakadhani ameiiba mahali. Ilimbidi atengeneze nyingine mbele ya macho yao. Alipomaliza, shaka ikaisha, na akapewa kazi ya kukarabati vitu vya makumbusho. Mtu huyo alikuwa Bodys Isek Kingelez.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kinaonyesha jinsi watazamaji wake wa kwanza walivyojibu: hawakuamini. Tangu siku ile watu wamejibu kwa njia nyingi. Wapo wanaocheka, wapo wanaoinama kuchungulia madirisha, wapo wanaohesabu vizibo vya chupa. Sitaeleza hapa historia yote ya msanii huyu, maana wenzetu wa sanaa wanaifahamu kuliko mimi. Mimi ninasoma isimu ya lugha za Kiafrika, na ninachotaka kueleza ni maneno: mzungumzaji wa Kiswahili akiwekwa mbele ya kazi hizi anasema nini, na sarufi yake inamsaidia au inamzuia vipi. Swali hili lilinijia kwa bahati. Nilikuwa nakusanya mifano ya nomino za udogo kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo, nikawa nawaonyesha watu wa nyumbani na wa mtaani picha kwenye simu ili waseme wenyewe bila kuulizwa sarufi. Picha za Kingelez ndizo zilizowafanya waseme zaidi.

Kwa ufupi, Kingelez alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele-Ihunga, katika eneo lililokuja kuitwa Bandundu. Alifika Kinshasa mwaka 1970. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris katika maonyesho ya «Magiciens de la Terre», na kuanzia hapo jina lake likazunguka Ulaya. Mwaka 2002 alikuwa miongoni mwa wasanii wa Documenta kule Kassel, Ujerumani. Alifariki mwaka 2015. Miaka mitatu baadaye, Museum of Modern Art ya New York ilifungua maonyesho makubwa ya kazi zake peke yake. Alipozeeka na alipokufa ni Kinshasa, lakini kazi zake nyingi ziko mbali na Kongo, mikononi mwa wakusanyaji na makumbusho ya nje. Ndiyo maana mimi na watu wangu tulizitazama kwenye kioo cha simu kilichopasuka pembeni.

Ni kazi gani hasa? Ni majengo na miji mizima ya kuwekwa juu ya meza, iliyotengenezwa kwa karatasi, kadibodi, plastiki, mirija, vizibo, vijiti na vifungashio vya bidhaa. Kuna minara yenye umbo la ua, majumba yenye mabawa, ngazi za rangi ya waridi, nyota, bendera, na maandishi kila mahali. Hakuna ukuta ulioachwa mweupe kwa uvivu. Kazi iitwayo Ville Fantôme, ya mwaka 1996, ina urefu unaokaribia mita sita. Kingelez hakuziita sanamu. Aliziita «extrêmes maquettes», jina alilolibuni mwenyewe, ambalo mimi nalitafsiri kwa muda kuwa maketi za kupindukia.

Neno sanamu, kusema kweli, halikutokea hata mara moja kinywani mwa watu niliowaonyesha. Kamusi inatuambia sanamu ni umbo la kuchongwa, kufinyangwa au kuchorwa, na kwa maana hiyo pana maketi ya Kingelez ingeingia bila shida. Lakini neno limebeba historia yake. Kanisani sanamu ni kitu kinachokatazwa kuabudiwa; uwanjani ni mtu wa shaba aliyesimama juu ya nguzo. Sanamu ina uso. Vilevile tuna mchongaji, kutokana na kuchonga, yaani kutoa, kupunguza mti mpaka umbo libaki. Kingelez hachongi. Anakata, anakunja, anabandika, anaongeza. Mama mkubwa wangu, ambaye hajawahi kuingia makumbusho, alimwita fundi, na mimi sijapata neno lililo bora kuliko hilo. Fundi ni yule anayejenga nyumba, anayeshona nguo na anayetengeneza redio, na jina hilo lina heshima bila kumuuliza mtu diploma.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifurahisha zaidi. Mwaka 1994 Kingelez alitengeneza maketi iitwayo Kimbembele Ihunga. Ni kijiji chake cha kuzaliwa, lakini kimejaa maghorofa, barabara pana na uwanja wa michezo. Wanaoandika kwa Kifaransa hulazimika kueleza kwa sentensi nzima: kijiji kimekuwa mji mkuu wa ndoto, na mji huo mkubwa ni mdogo kiasi cha kuenea katika chumba. Kiswahili kinaweza kusema hayo yote kwa mzizi mmoja wa silabi moja. Mzizi ni -ji. Ukiuweka katika ngeli ya tatu unapata mji. Ukiupunguza kwa ki-, pamoja na ile ji- inayotegemeza mizizi mifupi kama katika kijito na kijiti, unapata kijiji. Ukiukuza kwa ji- unapata jiji. Mji, kijiji, jiji: kitu kile kile katika vipimo vitatu. Wengi wetu tumesahau kwamba kijiji ni udogo wa mji, kwa kuwa neno limekomaa na kujitegemea. Kingelez alichukua kijiji akakipa hadhi ya jiji, kisha jiji hilo akalirudisha katika kipimo cha kitu cha mezani. Amepanda na kushuka ngazi yote ya ngeli.

Nyumba nayo ina ukoo wa namna hiyo. Tuna nyumba, tuna jumba, tuna kijumba, na tuna chumba, ambacho asili yake ni ki- na -umba, nyumba ndogo ndani ya nyumba. Angalieni kijumba: udogo wake umejengwa juu ya jumba, yaani ki- imewekwa mbele ya umbo ambalo tayari limekuzwa. Sijui neno jingine linalofaa zaidi kwa maketi ya kupindukia kuliko hili, ukubwa uliofungwa ndani ya udogo.

Lakini watu wa Lubumbashi hawakusema vijumba. Walisema tunyumba.

Hapa kuna mgogoro mdogo ambao lazima niutaje. Msomaji mmoja wa rasimu yangu, mtu ninayemheshimu, alikata «tunyumba» kwa kalamu nyekundu kila mahali na kuandika juu yake «vijumba». Kwa kanuni za Kiswahili sanifu ana haki. Ngeli ya 12 na ya 13, ka- na tu-, hazimo katika sarufi sanifu ya pwani, ambako kazi ya udogo imechukuliwa na ki- na vi-. Lakini kwetu ngeli hizo ziko hai, na si ajabu, maana tumezungukwa na Kibemba, Kisanga, Kiluba na Chiluba, lugha zinazozitumia kila siku. Tunasema kanyumba, tunyumba, katoto, tutoto, na upatanisho wa sentensi unafuata: kale kanyumba kako muzuri. Hata mitaani Nairobi mtu atakuambia katoto bila kuona haya.

Tofauti hii si ya umbo peke yake. Ki- ya udogo, inapowekwa kwenye jina la mtu au kiumbe, mara nyingi inashusha. Kitoto kinaweza kuwa mtoto mchanga, lakini pia ni tusi kwa mtu mzima. Ka- ya kwetu inaweza kushusha pia, lakini ina mlango mwingine, ule wa mapenzi. Mama akimwita mwanawe katoto kangu hamdharau. Kijana wa jirani, anayejenga kwa matofali ya udongo, alipotazama picha akasema: «Njo tunyumba twa batoto?» Je, hivi ndivyo tunyumba twa watoto? Alikuwa anauliza kama ni michezo. Akapiga kimya, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaanza kuonyesha jinsi ghorofa moja lilivyopachikwa juu ya jingine bila nguzo kuonekana. Dakika chache baadaye alisema tena «tule tunyumba», na sauti ilikuwa imebadilika kabisa. Kiambishi kilikuwa kile kile. Mtazamaji ndiye aliyehama kutoka dharau hadi mapenzi. Ningeandika vijumba, safari hiyo ya kijana ingepotea. Ndiyo maana katika makala haya nimeacha tunyumba pale watu waliposema tunyumba.

Swali la kijana, kama hii ni michezo ya watoto, ndilo swali kubwa kuhusu Kingelez. Wahakiki wa Kifaransa hutumia neno «ludique», na neno hilo ni laini, halimuumizi mtu. Kiswahili hakina ulaini huo. Sisi tuna kucheza, na kutoka kwake tuna kuchezea, na kauli hii ya kutendea ni hatari. Mchezaji anachezea TP Mazembe: anacheza kwa faida ya timu. Mtoto anachezea karatasi: karatasi ni chombo cha mchezo wake. Na mtu akikasirika anasema usinichezee: mimi si chombo cha mchezo wako. Kiambishi ni kile kile -e-, na maana ni tatu: kwa ajili ya, kwa kutumia, na dhidi ya.

Basi tuseme: Kingelez anatuchezea. Sentensi hii ina maana zote tatu kwa wakati mmoja, na kadiri nilivyowasikiliza watu ndivyo nilivyoona kwamba kila mtazamaji anachagua moja. Mdogo wangu wa miaka kumi alichukua ile ya pili, akatafuta vitu anavyovijua: kizibo, mrija, kipande cha katoni. Naye hujenga motokari za waya, kwa hiyo alitazama kama mtu wa kazi moja na mwenye maketi. Mama mkubwa alichukua ya kwanza: mtu huyu ametuwekea sherehe, ametupambia. Na mjomba wangu mmoja, aliyeishi Kinshasa miaka ya njaa na mshahara usiolipwa, alichukua ya tatu. Alirudisha simu mkononi mwangu haraka. Alisema kwamba wakati ule hapakuwa na barabara, hapakuwa na umeme, na huyu bwana alikuwa anakata karatasi za rangi.

Sikumjibu mjomba siku ile. Lakini nadhani jibu liko katika kazi moja ya mwaka 1991, ambayo jina lake ni The Scientific Center of Hospitalisation the SIDA. Ni hospitali ya karatasi ya wagonjwa wa ukimwi. Soma jina lenyewe kwanza. Linaanza kwa Kiingereza, linaishia kwa Kifaransa, na katikati pana kihusishi kinachokosekana. Mtu angeweza kuita hilo kosa. Mimi naliona kama vibao vya maduka vya miji yetu, ambako Kiingereza kinavaliwa kama suti ya kutokea, na neno zito linabaki katika lugha ambayo watu walilisikia mara ya kwanza.

Neno SIDA lenyewe lilikuwa limekwisha kuchezewa. Kinshasa ya miaka ya 1980 ilizifungua herufi zake nne upya ikapata «Syndrome Imaginaire pour Décourager les Amoureux», ugonjwa wa kubuni wa kuwakatisha tamaa wapenzi. Ni mchezo wa maneno mzuri, na ulisafiri mbali, na ulikuwa mchezo wa kukana. Aliyecheka hakuhitaji kupima. Tangu mwaka 1984 Kinshasa ilikuwa na mradi mkubwa wa utafiti uliojulikana kama Projet SIDA, na mradi huo ukakoma mwaka 1991, mwaka wa uporaji mkubwa wa Septemba. Katika mwaka huo huo Kingelez akajenga hospitali yake, yenye rangi za kupendeza kama keki ya harusi. Naye anacheza, lakini mchezo wake unakiri kinachokanwa na ule mwingine: kwamba ugonjwa upo, na kwamba mgonjwa anastahili jumba zuri, si banda la nyuma. Mjomba anaweza kuendelea kusema kwamba karatasi haitibu. Ni kweli haitibu. Hata hivyo sioni kwamba ametuchezea kwa maana ile ya tatu.

Nirudi kwenye Ville Fantôme, kwa sababu jina hilo lilinishinda kulitafsiri na bado linanishinda. Ville ni rahisi. Kwetu «mu vile» ni katikati ya mji, na neno limekwisha kuwa letu, ingawa mgeni kutoka Dar es Salaam atadhani tunasema kiashiria. Fantôme ndiyo shida. Mji wa Mizimu unapeleka msomaji kuzimu, kwa wafu na wahenga, na Kingelez hakuwa huko. Mji wa Mizuka unatisha watoto. Rafiki mmoja alinikumbusha kwamba Watanzania, wanapozungumza juu ya majina ya uongo katika orodha ya mishahara, husema watumishi hewa. Mji Hewa, basi? Ninalipenda: mji ulioandikwa lakini haupo, na wakati huo huo mji unaopumua. Lakini lina harufu ya udanganyifu, na mwenye mji hakudanganya. Alieleza kwamba katika mji huo hakuna polisi. Katika nchi ya Mobutu, mwaka 1996, kutengeneza mji mzima na kuacha polisi nje si jambo la kitoto.

Na hakuna watu. Hili watazamaji wote waliliona, kila mmoja kwa wakati wake. Minara, madaraja, bendera, lakini hata mtu mmoja wa karatasi hayupo barabarani. Kule New York mwaka 2018 waliandaa miwani ya uhalisia pepe ili mgeni aweze kutembea ndani ya Ville Fantôme kama mkazi wake. Sikuivaa miwani hiyo, lakini naelewa kwa nini ilihitajika. Maketi inakufanya jitu: unaitazama kutoka juu, kama mwenye mamlaka anayepanga mji. Miwani inakushusha. Unakuwa katu, kamtu kadogo chini ya mnara. Ile ngazi ya ngeli niliyoieleza kwa nyumba na mji, hapa inampanda mtazamaji mwenyewe.

Kwetu Lubumbashi tuna wasanii wanaogeuza kipimo kwa namna nyingine. Jean Katambayi na wenzake waliwahi kusuka gari la Tesla la ukubwa kamili kwa nyaya za shaba, na mtu yeyote aliyekua hapa akiliona anakumbuka motokari za waya za utotoni. Huko mchezo mdogo umekuzwa mpaka ukubwa wa gari la kweli; kwa Kingelez jiji limepunguzwa mpaka ukubwa wa mchezo. Mdogo wangu nilipomweleza habari za gari hilo hakujali Tesla ni nini. Aliuliza tu kama magurudumu yanazunguka.

Mtazamaji wangu wa mwisho alikuwa kambo, babu mzaa mama. Aliishika simu mbali na macho, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango, akaitazama Kimbembele Ihunga kwa muda mrefu. Hakucheka. Hakuuliza bei wala msanii. Alisema: «Nani anafagiaka mule?»

Mwanaisimu ndani yangu aliruka kwanza. Anafagiaka, na ile -aka ya mazoea: si nani anafagia sasa, ni nani afagiaye siku zote, kazi hiyo ni ya nani. Na mule, si pale: kambo alikuwa amekwisha kuingia ndani. Kisha nikafikiria swali lenyewe. Yeye alifanya kazi miaka mingi akifagia ua za wengine. Mji usio na vumbi kwake si ndoto tu. Ni kazi ya mtu fulani ambaye haonekani pichani.

Nilimweleza kwamba katika makumbusho kuna watu ambao kazi yao ni kupangusa vumbi kwenye vitu kama hivi, kwa brashi laini, polepole, ili karatasi isipasuke. Kambo akaridhika, akanirudishia simu.

«Basi,» akasema, «mule munakaaka mutu.»